Kahawa, Nyaya na Beji ya Begani

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wachache wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa safarini, kisha nikarudi nikakuta kazi imerundikana hadi dirishani. Leo naomba tuyaweke kando mambo ya kuandika programu (yatarudi yenyewe, mtaona) nizungumzie jambo lililonikuta San Francisco mwishoni mwa Oktoba 2025, na ambalo limekataa kuniondoka kichwani.

Nilikuwa nimeenda kwenye mkutano wa watengenezaji programu. Ndani ya begi la mkononi nilikuwa na bodi nne za Raspberry Pi nilizotumia kwa maonyesho, betri mbili za kuchajia simu, nyaya chungu nzima, na pakiti mbili za kahawa ya Kirinyaga, nusu kilo kila moja. Kahawa ilikuwa zawadi ya rafiki yangu anayeishi Oakland, lakini tulipishana, yeye akawa safarini wiki ile ile niliyofika. Basi siku ya kurudi nyumbani kahawa ikarudi nami, imelala katikati ya nyaya na betri.

Anayezijua mashine za eksirei ameshaanza kucheka. Kwa wasiozijua: mashine hiyo haioni rangi za vitu. Inapitisha miale ya viwango viwili vya nguvu, kisha programu inakisia kila kitu kimetengenezwa kwa nini na kukipaka rangi. Chakula, karatasi, nguo na plastiki hupakwa rangi ya machungwa. Chuma hupakwa bluu. Vilivyo katikati hupakwa kijani. Tatizo ni kwamba vilipuzi vingi navyo huangukia kwenye rangi ya machungwa. Kwa hiyo mbele ya yule aliyekuwa akitazama skrini kulikuwa na donge la machungwa la kilo nzima, limezungukwa na nyaya za bluu, bodi za kijani na betri mbili. Mimi mwenyewe ningelisimamisha begi hilo.

Mkanda ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena. Mama mmoja wa makamo akaniita pembeni. Alifungua kila kitu bila haraka, akapangusa pakiti na bodi kwa kitambaa kidogo, akakiingiza kwenye kile kifaa kinachotafuta chembechembe za vilipuzi, tukasubiri.

"Kahawa?" akauliza.

"Kahawa. Ya kwetu Kenya."

Akaiinua puani, akainusa, akatabasamu. Hapo ndipo nilipoitazama beji iliyokuwa begani mwake. Shati lilifanana sana na yale mashati ya TSA ambayo kila msafiri wa Marekani anayajua, ila beji haikuwa ya TSA. Nikamuuliza. Akanijibu huku akifunga zipu ya begi langu kwamba pale San Francisco wakaguzi wa abiria ni waajiriwa wa kampuni binafsi. Taratibu ni za TSA, vipimo ni vya TSA, lakini mshahara unatoka kwa kampuni. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Wenzetu wa viwanja vingine hawajalipwa. Sisi tumelipwa."

Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa sababu Bunge lao lilishindwa kupitisha bajeti. Ilifungwa siku 43, hadi tarehe 12 Novemba. Muda wote huo wakaguzi wa TSA walitakiwa kufika kazini kila siku bila malipo, wangoje kulipwa baadaye. Na huyu mama, anayefanya kazi ile ile kwa taratibu zile zile, alikuwa amelipwa kwa sababu jina lililoandikwa kwenye hundi yake ni la kampuni.

Sasa, mimi ni Mkenya. Tulio Kenya tuna machungu yetu kuhusu neno "kampuni binafsi" na neno "uwanja wa ndege" zikiwekwa katika sentensi moja. Mnakumbuka tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi walipogoma pale JKIA kwa sababu ya mpango wa kuwapa Adani uwanja huo kwa miaka 30, abiria wakakwama, na Rais Ruto akaufuta mpango wenyewe tarehe 21 Novemba mwaka huo. Nilikuwa upande wa waliogoma, na sijabadilisha msimamo. Kwetu ukaguzi wa abiria uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambayo ni shirika la serikali, na nilichukulia kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa kila mahali. Usalama ni kazi ya serikali, basi. Lakini pale nilikuwa nimekaguliwa vizuri kuliko nilivyowahi kukaguliwa popote, na mtu wa kampuni. Nilipoketi kwenye ndege ya Dubai nikafungua tarakilishi nikaanza kusoma, na nimekuwa nikisoma tangu siku hiyo.

Historia yenyewe ni hii. Kabla ya 2001, ukaguzi Marekani ulikuwa jukumu la mashirika ya ndege. Mashirika hayakuitaka kazi hiyo, yakaipa kampuni za ulinzi, na kandarasi ikaenda kwa aliyetaja bei ya chini kabisa. Mnaweza kukisia kilichofuata. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, iliandika mwaka 2000 kwamba kati ya Mei 1998 na Aprili 1999, katika viwanja 19 vikubwa, wakaguzi waliacha kazi kwa kiwango cha asilimia 126 kwa mwaka. Yaani kwa kila viti 100, watu 126 waliondoka ndani ya miezi kumi na miwili. Kule St. Louis ilikuwa asilimia 416! Kila kiti kilibadilisha mtu zaidi ya mara nne kwa mwaka. Mshahara wa kuanzia katika baadhi ya viwanja ulikuwa dola 6 kwa saa au chini yake, na mikahawa ya vyakula vya haraka mle mle uwanjani ililipa zaidi. Hebu fikiria mradi wa programu ambao kila baada ya miezi mitatu timu nzima ni mpya. Nani angekumbuka kwa nini ule mstari wa 214 usiguswe?

Ikaja Septemba 11. Watu wengi (nami nilikuwa mmoja wao) wanaamini kwamba wakaguzi wa siku ile walilala. Kuna ukweli kidogo. Pale Dulles, baadhi ya watekaji walikifanya kizimba cha kutambua chuma kilie, wakapitishiwa kile kifaa cha mkononi, na wakaruhusiwa bila mtu kubaini hasa nini kilichokuwa kimelia. Lakini kanuni za serikali zenyewe wakati huo ziliruhusu abiria kuingia na kisu chenye makali yasiyofika inchi 4. Ni kama mteja anakuandikia kwenye maelezo ya mradi kwamba nywila ya herufi mbili inakubalika, kisha akiibiwa anamfukuza aliyeandika kodi.

Walifukuzwa wengi. Baraza la Seneti lilipiga kura 100 kwa 0 kwamba ukaguzi uwe kazi ya serikali. Wabunge wa chini walitaka kampuni zibaki chini ya uangalizi wa serikali, wakavutana, na tarehe 19 Novemba 2001 Rais Bush akatia sahihi sheria iliyounda TSA. Sheria hiyo ilidai kila mkaguzi awe raia wa Marekani. Pale San Francisco wakaguzi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ufilipino, watu wenye vibali halali vya kazi, wengine wakiwa na miaka mingi kwenye mashine ile ile, na wakapoteza kazi kwa kukosa pasipoti inayofaa. Sikumuuliza yule mama historia yake. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu na si vizuri kumhoji mtu aliyeshika begi lako.

Lakini ndani ya sheria ile waliacha dirisha dogo, na hapa ndipo nilipoketi wima kitini. Viwanja vitano, kimoja cha kila ukubwa, vingebaki na wakaguzi wa kampuni kama jaribio: San Francisco, Kansas City, Rochester jimbo la New York, Jackson Hole kule Wyoming, na Tupelo kule Mississippi. Taratibu zile zile, mafunzo yale yale, mashine zile zile, na sheria ikaamuru kampuni isilipe mshahara na marupurupu chini ya yale ya serikali. Kinachobadilika ni mwajiri tu. Sisi waandika programu tunaishi kwa majaribio ya aina hii. Unabadilisha kitu kimoja, unashikilia vingine vyote, unatazama matokeo. Mwaka 2004 dirisha likafunguliwa kwa viwanja vingine vinavyotaka kuomba, na leo ni takriban ishirini kati ya zaidi ya 400.

Basi matokeo? Mwaka 2007 gazeti la USA Today lilipata ripoti ya siri ya majaribio ambayo watu wa TSA walijifanya abiria na kuficha sehemu za mabomu ya bandia. Los Angeles, wakaguzi wa serikali, walikosa karibu asilimia 75. Chicago O'Hare, wa serikali pia, asilimia 60. San Francisco, wa kampuni, asilimia 20.

Nilipoisoma hiyo nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani makala nzima ya kuwaambia kwamba nilikosea, kampuni zimeshinda. Kisha nikakuta ripoti nyingine, ya mwaka 2006, ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Inahusu San Francisco hiyo hiyo. Inasema kwamba kati ya Agosti 2003 na Mei 2004, wapimaji wa siri walipofika uwanjani, wasimamizi waliwafuatilia kwa kamera na kwa miguu, na wakaguzi wakatonywa: anakuja, amevaa hivi, yuko hapa. Na waliotonya hawakuwa wa kampuni pekee (ilikuwa Covenant Aviation Security). Maofisa wa TSA waliokuwa pale kuwasimamia walishiriki.

Lazima niwe mkweli hapa, maana sababu ya kuandika makala hii ni aya hii ninayoanza sasa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa malipo wa hospitali fulani. Siitaji, na kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi pia siitaji. Kabla ya kukabidhi mfumo, mteja alitakiwa kuleta watu wake waujaribu kwa siku tatu, kwa orodha yao wenyewe ya majaribio. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza orodha hiyo ikaingia kwenye barua pepe zetu. Hakuna aliyeiba. Mtu wa upande wa mteja aliituma, kwa sababu naye alikuwa na bosi aliyemwambia mfumo lazima upite wiki hiyo. Tulikesha. Tulirekebisha yale 40 yaliyokuwa kwenye orodha na hatukugusa kingine chochote. Tukapita kwa asilimia 100, watu wakapigana makofi, kukawa na nyama choma.

Kulikuwa na mdudu ambaye hakuwa kwenye orodha. Malipo ya M-Pesa yakiingia katika dakika ile ile ambayo karani anafungua bili, mfumo uliandika kwamba pesa haijafika. Nilikuwa nimemwona mdudu huyo. Nilikuwa nimeandika jina lake kwenye daftari langu, "angalia baadaye." Wiki ya tatu mzee mmoja alikaa hospitalini siku mbili zaidi baada ya mkewe kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu skrini ilisema hajalipa. Alikuwa na ujumbe wa simu unaoonyesha amelipa. Karani alimwambia ujumbe si mfumo. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya fedha, koti magotini, nilipoitwa kwenda kutengeneza. Akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo daktari," akidhani mimi ni mkubwa wa pale. Mzee wa umri wa baba yangu, ananiamkia mimi. Sikumwambia mimi ni nani.

Kwa hiyo niliposoma habari ya kamera za San Francisco sikuona kampuni wala serikali. Niliona ile barua pepe.

Tuendelee. Ripoti hizi mbili hazihusu miezi ile ile, na siwezi kusema kwamba ile asilimia 20 ni ya uongo. Tena maelezo yaliyotolewa kuhusu San Francisco mwaka 2007 yananikaa vizuri kama mhandisi: wakaguzi wa pale walikuwa wakijaribiwa kila mara, hivyo wakawa na shaka na kila kitu. Kuna sababu ya kisayansi ya kuamini hilo. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliwapa watu picha za vitu vilivyorundikana na kuwaambia watafute kifaa fulani. Kifaa kilipokuwepo katika nusu ya picha, watu walikikosa asilimia 7 tu. Kilipokuwepo katika picha moja kwa mia, walikikosa asilimia 30. Watu ni wale wale na macho ni yale yale, ila ubongo unaotafuta kitu adimu unachoka kutafuta na kuanza kujibu "hakuna" kabla haujatazama.

Na bomu ni adimu kuliko moja kwa mia. Mkaguzi anaweza kustaafu bila kuliona hata moja.

Ndiyo maana mashine hizi zina programu ninayoipenda sana: ghafla inachomeka picha ya bandia ya bastola au bomu ndani ya picha ya begi lako halisi. Mkaguzi akibonyeza kitufe, skrini inamwambia vizuri, lilikuwa jaribio. Asipobonyeza, inamwambia umelikosa, na inaandika kwenye kumbukumbu. Mtu anajaribiwa na mashine yake mwenyewe zamu nzima, na hakuna wa kumtonya kwa kamera. (Ingawa ukiacha picha zile zile kwa miaka, atazijua kama anavyowajua majirani. Na hili nalo sisi tunalijua, si ndiyo? Kila mtu ana ile seti ya data ya majaribio ambayo programu imeshaikariri.) Huko Ulaya kanuni zinasema mtu asitazame skrini mfululizo zaidi ya dakika 20. Mimi hutazama skrini saa sita kisha nashangaa kwa nini nimeandika upuuzi.

Mkinibana niseme ni nani bora, basi nitawaambia nilichokiona kwenye takwimu, kwamba hazisemi. GAO ilipotazama viwanja vya kampuni mwaka 2012 ilikuta vingine viko juu ya wastani wa taifa na vingine chini. Gharama nayo ni kichekesho: TSA ilidai mwanzoni kwamba kampuni zina gharama ya asilimia 17 zaidi. GAO ikawaambia mmesahau kuhesabu pensheni, fidia za wafanyakazi na kodi, hesabuni tena. Wakahesabu tena mwaka 2011, ikawa asilimia 3. Na wale wa serikali kuu hawakupona kwa kuwa wa serikali. Mwaka 2015 ilivuja habari kwamba wapimaji wa siri walipitisha silaha na vilipuzi vya bandia mara 67 kati ya 70. Mkuu wa muda wa TSA aliondolewa kitini siku hiyo hiyo habari ilipotoka.

Kilichobadilisha mambo mara zote mbili kilikuwa pesa ya yule aliye kwenye kiti. Wale wa dola 6 waliondoka kwa kiwango cha asilimia 126 kwa mwaka. Wakati wa kufungwa kwa serikali kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, wakaguzi wa TSA wasiolipwa walianza kukosa nauli ya kufika kazini, na tarehe 20 Januari mmoja kati ya kumi hakufika. Miami ililazimika kufunga sehemu moja ya uwanja mapema kwa kukosa watu. Kisha Julai 2023 mishahara yao ikapandishwa kufikia ngazi ya watumishi wengine wa serikali kuu, na TSA ikaripoti kwamba wanaoacha kazi wamepungua. Beji ya begani haikubadilika wakati wowote katika hayo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watetezi wa kampuni wako sahihi, na napenda kulisema wazi kwa sababu mimi si mmoja wao. TSA inaandika kanuni, inaajiri wakaguzi, na sehemu kubwa inajipima yenyewe. Mwandika programu anayejikagua mwenyewe anajua mahali pa kutotazama. Wakanada waligawanya: wizara yao ya uchukuzi inaandika kanuni, shirika la serikali liitwalo CATSA linasimamia ukaguzi tangu 2002, na kampuni zinazopewa kandarasi ndizo zenye watu mlangoni. Kwenye karatasi nauona mpangilio huo ni safi zaidi. San Francisco nayo ilikuwa safi kwenye karatasi, mwangalizi upande mmoja na mfanyakazi upande mwingine, mpaka wote wawili wakawa wanataka matokeo mazuri wiki ile ile.

Na wala msidhani mtu wa kampuni hawezi kusimama penye hatari. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, aliyekataa kuwafungulia kizuizi alikuwa mlinzi Mkenya wa kampuni binafsi, asiye na bunduki. Alijaribu kuwaita wanajeshi waliokuwa ndani kwa redio na simu, hakuwapata. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo. Kama lori lile lingepita kizuizi likaingia chini ya jengo, sijui tungehesabu wangapi. Alifanya kazi yake kuliko tulivyomlipa. Redio ndiyo haikufanya.

Jumapili iliyopita nilimtembelea binamu yangu, naye ni mlinzi. Analinda lango la jengo la ofisi hapa mjini. Katika miaka sita amevaa mashati matatu ya kampuni tatu. Tenda ikiisha, kampuni inaondoka, nyingine inakuja, inamwajiri upya kuanzia sifuri, likizo aliyokuwa amelimbikiza inapotea. Jengo ni lile lile na kiti ni kile kile. Nikamweleza habari zote hizi, za San Francisco na kamera, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe umewahi kujaribiwa?" nikamuuliza.

"Kujaribiwa vipi?"

"Mtu aje na kitu kwenye begi, waone kama utakikamata."

Akafikiri. "Kuna siku mkubwa alikuja kutoka ofisini. Lakini walikuwa wametupigia simu tangu jana yake tupige mashati pasi."

Kisha akanionyesha kile kifaa cha mkononi cha kutambua chuma, alikuwa amekuja nacho kwa sababu zamu ya usiku huwa inakipoteza. Nikakibonyeza. Kimya. Nikakigeuza nikafungua kifuniko, betri ilikuwa imevimba na kumwaga kutu ya kijani.

"Hii imekufa lini?"

"Aah, kaka. Hiyo nilikuta imekufa. Tunapitisha tu. Watu wakiona inapita wanatulia."

Nikatoka nikaenda dukani, nikanunua betri mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, nikasugua kutu kwa kisu cha jikoni, nikakirudisha. Kilipolia kwenye sarafu mfukoni mwangu watoto wake walipiga kelele wakataka kukijaribu kwa kila sufuria iliyokuwa ndani ya nyumba.

Jumanne saa tatu asubuhi akanipigia simu. Nyuma yake nilisikia honi na watu wakilalamika.

"Kaka, hii kitu yako inalia kwa kila mtu. Mikanda, funguo, kila kitu. Foleni imefika barabarani, na meneja wa jengo ametuma mtu kuuliza ni nani ametia betri."